Pancha Haiui

Somo: Kufunga vifaa na mahitaji ya dharura kwa safari ndefu ya pikipiki

Somo la leo linahusu mfuko mmoja mdogo. Si ule wa madaftari. Ni mfuko unaofungwa kwenye pikipiki kabla ya safari ndefu, wenye spana, viraka, bandeji na chupa ya maji. Watu wengi huukumbuka siku wanapouhitaji, na siku hiyo ndipo wanapogundua kwamba hawajawahi kuwa nao.

Pengine utasema, "Mimi ni mwanafunzi, pikipiki sina, somo hili halinihusu." Subiri kwanza. Shule ikifungwa, nani anapanda kiti cha nyuma kwenda kuwasalimia bibi na babu? Mdogo wako akipandwa na homa usiku, nani anamshika mgongoni mpaka zahanati? Na wengine wenu mkimaliza kidato cha nne mtaingia kwenye bodaboda kutafuta riziki. Kwa hiyo kaa, tusome pamoja.

MFANO WA MKULA

Tuchukue mfano. Wewe unaishi Mkula, Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Shule imefungwa. Babu yako anaishi kijiji cha ndani, ng'ambo ya mji wa Maswa, na dawa zake za presha zimekwisha. Mama amezinunua, amezifunga vizuri, amekukabidhi. Kaka yako mwenye pikipiki ndiye atakayekupeleka.

Safari si ndogo. Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni kama kilometa 72. Kutoka Bariadi hadi Maswa ni kama kilometa 50 nyingine. Huko kote siku hizi ni lami. Baada ya hapo mnaiacha lami na kuingia njia ya vumbi, penye udongo mweusi wa mbuga na miiba ya migunga.

Mlichelewa kuondoka. Saa kumi na mbili jioni, mkiwa mmeshaiacha lami, nyuma kunaanza kuyumba. Pancha! Kaka anafungua chini ya kiti. Anakuta bisibisi moja na tambara lenye oili. Kiraka hakuna, pampu hakuna. Simu yake inakaribia kuzima. Giza linaingia, na mbele kabisa mnaona taa mbili tatu.

Kaka anafikiri kidogo, halafu anasema: "Shika vizuri. Tutakwenda hivyo hivyo polepole mpaka kwenye zile taa."

Mnakwenda. Tairi lisilo na upepo halishiki barabara, linacheza kwenye rimu. Mnafika kwenye kona yenye mchanga. Gurudumu la nyuma linakwenda upande wake na nyinyi mnakwenda upande wenu. Kaka anavunjika mguu. Wewe unachubuka mikono na magoti. Dawa za babu zimetawanyika gizani.

Sasa jibu swali hili: ni nini kilichomvunja kaka mguu?

Ukisema ni pancha, umekosa. Pancha iliwasimamisha tu. Kilichomvunja mguu ni uamuzi wa kuendesha bila upepo, gizani. Na kaka si mjinga. Aliamua hivyo kwa sababu hakuona njia nyingine. Kiraka kimoja na pampu vingempa njia nyingine.

Hili ndilo somo lenyewe, liandike kwenye daftari lako: PANCHA HAIUI. KINACHOUA NI UAMUZI UNAOUFANYA UKIWA HUNA KIRAKA.

Kwa hiyo unapopanga mfuko usiulize tu, "Nitaweka nini?" Kwa kila kitu jiulize: "Nikikikosa, nitashawishika kufanya jambo gani la hatari?" Swali hilo litakusaidia kuchagua. Pikipiki si lori, huwezi kubeba kila kitu.

FUNGU LA KWANZA: VITU VYA PIKIPIKI

Weka vitu hivi pamoja kwenye mfuko mgumu wa turubai. Kipande cha gunia zito kilichoshonwa vizuri kinafaa pia.

1. Viraka, solusheni na kipande cha msasa. Kama mnaweza, ongezeni tyubu nzima ya akiba. Hakikisha ni ya saizi ya tairi lenu. Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi.

2. Pampu ya mkono. Kiraka bila pampu ni sawa na ugali bila moto.

3. Vyuma bapa viwili vya kufungulia tairi. Bisibisi hufanya kazi hiyo, lakini hutoboa tyubu mara ya pili.

4. Spana za nati za pikipiki yenu, hasa ile ya nati kubwa ya ekseli ya nyuma. Hapa wengi hukosea. Wanabeba spana kumi, na ile moja ya ekseli haimo. Ijaribuni nyumbani kabla ya safari.

5. Spana ya plagi na plagi moja ya akiba.

6. Plaizi, bisibisi na waya mwembamba wa kufungia kama mita mbili.

7. Fyuzi mbili na kebo ya klachi ya akiba.

8. Vipande virefu vya tyubu kuukuu. Hivi hufunga mzigo na hushikilia kilichovunjika mpaka mfike kwa fundi.

9. Tochi. Tochi ya kuvaa kichwani ni bora, maana mikono yote miwili inabaki huru. Usimulike tangi la petroli kwa kiberiti hata siku moja. Ukikosa tochi ndipo kiberiti kinapokushawishi.

Na petroli ya akiba je? Njia salama zaidi ni kujaza tangi kabla ya kuondoka na kujua kituo kinachofuata kiko wapi. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia lita moja kwa kilometa 40 hadi 50, lakini mzigo, tope na mwendo wa kasi hupunguza. Usibebe petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hatauliza. Pia usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ikipita njia isiyo yake ikaingia mapafuni, huleta kichomi kibaya. Aliyemeza petroli asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa ili atapike. Apelekwe kituo cha afya.

JIFUNZE KUZIBA PANCHA

Kubeba kiraka usichojua kukibandika ni kubeba mzigo tu. Jifunze nyumbani, mchana, fundi au kaka akikuangalia.

Kwanza, toka barabarani. Simamisha pikipiki kwenye ardhi ngumu na uzime injini. Bomba la moshi liache lipoe.

Pili, kabla ya kufungua chochote, zungusha gurudumu polepole kwa mkono utafute mwiba au msumari. Ukiupata, weka alama kwenye tairi, maana tundu la tyubu liko hapo hapo.

Tatu, toa gurudumu, toa upepo uliobaki, fungua tairi upande mmoja tu na uvute tyubu nje. Jaza upepo kidogo. Sikiliza, au ipake maji. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu.

Nne, kausha, sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba. Sasa ngoja. Wengi hubandika hapo hapo solusheni ikiwa mbichi, na kiraka kinabanduka baada ya kilometa tatu. Ngoja dakika chache mpaka ikiguswa isilowanishe kidole. Haraka haraka haina baraka. Halafu bandika na ukandamize kwa nguvu.

Tano, pitisha tambara ndani ya tairi lote. Usipitishe vidole vitupu. Mwiba ulioleta pancha mara nyingi bado umo, na una ndugu zake.

Sita, rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isibanwe. Jaza, kaza ekseli, tazama kama cheni imekaa sawa. Mwisho kabisa, jaribu breki ya nyuma kabla hujapanda. Ukitoa gurudumu la nyuma, breki nayo umeifungua. Kuna watu waliosahau kuirudisha wakakumbuka kwenye mteremko.

Onyo moja: usiguse cheni injini ikiwa imewaka, hata kama unataka kupaka oili tu. Cheni na meno yake hukata kidole mara moja.

FUNGU LA PILI: VITU VYA MWILI

Mfuko huu uwe mwingine, safi, usiochanganywa na oili. Vitu vyake viweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko ili mvua isiviharibu.

- Glavu jozi mbili.
- Bandeji ndefu mbili na vitambaa safi vilivyofuliwa na kupigwa pasi.
- Plasta za kubandika.
- Kipande cha sabuni.
- Mkasi mdogo.
- Pakiti mbili za ORS.
- Pedi mbili tatu zilizofungwa kwenye karatasi zake.
- Dawa za mtu mwenyewe. Kama una pumu, dawa yako ya kuvuta isikae kwenye mfuko. Ikae mfukoni mwako.
- Khanga au kitenge.
- Maji ya kunywa, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu.

Vijana wa kiume, mmecheka mlipofika kwenye pedi? Acheni. Dada yako anaweza kuingia mwezini safarini, na hilo si la kucheka. Zaidi ya hapo, pedi ni safi, ni nene na inanyonya damu. Mtu akikatika vibaya, pedi juu ya kidonda na bandeji juu yake inaweza kusaidia sana kuzuia damu mpaka mfike hospitali.

Sisi wa Simiyu tunalima pamba, na wengi tumezoea kuchomoa pamba shambani na kuigandisha kwenye kidonda. Usifanye hivyo. Nyuzi zake hunasa ndani ya jeraha, na pamba ya shambani ina vumbi na dawa ya kuua wadudu. Tumia kitambaa safi.

Khanga nayo usiidharau. Inashikilia mkono uliovunjika, inafunga mguu kwenye ubao, inakinga jua, inamfunika mgonjwa asipigwe na baridi. Lakini wakati wa safari iwe ndani ya mfuko. Khanga au mtandio unaopepea nyuma ya pikipiki ukidakwa na cheni, unamvuta mtu chini.

FUNGU LA TATU: VITU VYA KUKAA MWILINI MWAKO

Mkianguka, pikipiki inaweza kwenda korongoni na mifuko yake yote. Kwa hiyo vitu hivi visikae kwenye mfuko:

Simu iliyojaa chaji. Isichezewe muziki njia nzima.

Karatasi ndogo yenye jina lako, ugonjwa ulio nao kama upo, na namba mbili za simu za nyumbani. Simu ikifungwa kwa namba ya siri au ikipasuka, karatasi itasema kwa niaba yako. Ziandike namba hizo pia kichwani.

Leseni na karatasi za pikipiki, kwa dereva. Kama huna leseni, nafasi yako ni kiti cha nyuma, hata kama unajua kuendesha.

Kadi ya bima ya afya kama unayo.

Pesa ya dharura. Hapa dada, soma mara mbili, na wewe kaka usome pia. Weka kando pesa ya kulala gesti usiku mmoja na nauli ya kurudi. Ifiche mahali tofauti na pesa ya matumizi, na usiiguse. Kwa nini? Rudi kwenye swali letu: ukiikosa utashawishika kufanya nini? Msichana aliyekwama saa tatu usiku bila pesa anaweza kujikuta akikubali lifti ya mtu asiyemjua, au chumba cha "msaada". Wengine hutoa msaada kwa moyo safi. Wengine hudai malipo ambayo hamkuelewana. Sikia basi: aliyekupa lifti hana deni juu ya mwili wako. Na pesa ndogo uliyoificha inakupa nguvu ya kusema "hapana, asante" mapema.

KUFUNGA MZIGO

Vitu vizito viwe chini, karibu na katikati ya pikipiki. Usitundike mfuko kwenye usukani, maana utazuia kukata kona. Mfuko wa huduma ya kwanza uwe juu, mahali ambapo abiria anaweza kuufungua bila kumwaga spana zote. Funga kwa vipande vya tyubu, kisha ukate au uchomeke ncha zote zinazoning'inia. Mwisho shika mzigo uutikise kwa nguvu. Ukicheza hapo nyumbani, njiani utaanguka.

Na mzigo usichukue nafasi ya mtu, wala mtu wa tatu asichukue nafasi ya mzigo. Mshikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, unaifanya pikipiki isisimame inapotakiwa kusimama.

Abiria nawe una kazi. Kwenye pikipiki nyingi tunazotumia bomba la moshi liko kulia. Panda na ushuke upande wa kushoto. Makovu mengi unayoyaona ndani ya mguu wa kulia yametokana na bomba hilo. Ukiungua, poza kwa maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Kama maji ni machache, mimina mliyonayo halafu mtafute bomba au kisima upesi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala kinyesi cha ng'ombe. Hivyo huleta uchafu kwenye kidonda na kuzuia joto lisitoke.

JE, WAJUA?

Mei 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana sana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake akiwa bila helmeti. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtibu alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alianza kuwachunguza wanajeshi waliokuwa wakipeleka ujumbe kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba helmeti inaokoa. Jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake kuzivaa. Raia wa kawaida huko walikuja kulazimishwa na sheria mwaka 1973, miaka 38 baada ya kifo kile.

Mwaka 2008 wataalamu walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini iwe imefungwa kidevuni. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na iwepo ya abiria pia. Helmeti moja kwa watu wawili maana yake mmoja wenu ameachwa bila kinga.

MKIANGUKA AU MKIKUTA ALIYEANGUKA

Mtu mwenye vifaa huwa na utulivu wa kufikiri. Fuata mpangilio huu.

1. Zuia ajali ya pili. Weka matawi ya miti barabarani, mbali kidogo, pande zote mbili. Washa tochi. Zima injini ya pikipiki iliyoanguka.

2. Mtazame majeruhi. Je, anapumua? Anajibu? Kama anapumua vizuri, helmeti iacheni kichwani na msimwinue. Shingo au mgongo ukiwa umevunjika, kumbeba mzobemzobe kunaweza kumpoozesha. Kama hapumui, watu wawili waivue helmeti kwa uangalifu, mmoja akishika kichwa na shingo visigeuke.

3. Zuia damu. Vaa glavu. Weka kitambaa safi au pedi kwenye kidonda na ubane kwa nguvu dakika kumi bila kufunuafunua. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza. Kama huna glavu, mwambie majeruhi abane mwenyewe, au tumia kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Damu ya mtu ikikuingia kwenye jeraha au jichoni, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

4. Mfupa uliovunjika usiunyooshe. Ufunge kama ulivyo kwenye ubao au boksi gumu, kwa khanga.

5. Jeraha dogo lioshe kwa maji safi na sabuni mpaka udongo wote utoke. Kama ni la kina au lilikuwa na udongo, muulize mhudumu wa afya kuhusu chanjo ya pepopunda.

6. Piga simu. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kama mgonjwa ni mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, au mtoto mchanga wa hadi siku 28, piga 115 bure. Hiyo ni namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura ambao serikali ilianza kuueneza nchini mwaka 2022. Wahudumu wataiuliza hali ya mgonjwa na kutafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu. Kumbuka: mama mwenye uchungu akiwa na hali mbaya, pikipiki ni njia ya mwisho. Ziandike namba hizi kwenye karatasi yako leo.

Na kama hakuna aliyeumia ila mmekwama tu usiku? Sisi tuko jirani na hifadhi ya Serengeti. Tembo na fisi hutoka wakafika vijijini. Msianze kutembea porini gizani. Kaeni pamoja karibu na pikipiki, nje ya njia, piga simu nyumbani mseme mko wapi, au ombeni hifadhi nyumba ya karibu kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji.

KAMA PESA HAITOSHI

Najua unawaza, "Vitu vyote hivi nani atanunua?" Anzeni na vitano: viraka na solusheni, pampu, spana ya ekseli, bandeji na vitambaa safi, na maji. Helmeti sikuihesabu, hiyo si ya kujadiliwa. Vingine viongezwe kidogo kidogo. Vijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda wanaweza kuchanga wakanunua pampu moja na vyuma vya tairi, anayekwenda mbali akaazima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kiraka ni rahisi kuliko matibabu ya mguu, na ni rahisi kuliko msimu mzima kaka asipoweza kufanya kazi.

TURUDI MKULA

Safari ni ile ile. Mwiba ni ule ule. Lakini safari hii mmeondoka alfajiri, na kabla ya kuondoka wewe ndiye uliyeukagua mfuko. Tairi linayumba saa nne asubuhi. Kaka anasimama pembeni. Wewe unatoa spana ya ekseli, yeye anafungua. Mnautafuta mwiba, mnabandika, mnangoja solusheni ikauke huku mkinywa maji. Mnajaza upepo kwa zamu, jasho linawatoka, mnacheka. Breki mmeijaribu. Imepita saa moja hivi.

Mchana babu anakupokea dawa zake na kukuuliza, "Habari za safari, mjukuu wangu?"

Unamjibu, "Nzuri tu, babu. Tulipata pancha."

Anatikisa kichwa, anaingia ndani kuagiza chakula. Hana cha kuuliza zaidi.

ZOEZI

Fanyeni kwenye klabu ya afya ya shule, au nyumbani na mwenye pikipiki.

1. Fungua chini ya kiti cha pikipiki ya kaka, baba au jirani kwa ruhusa yake. Andika kila ulichokikuta. Ni vitu gani kati ya vile vitano havipo?

2. Chagua vitu vitatu kwenye somo hili. Kwa kila kimoja andika: mtu akikikosa njiani, atashawishika kufanya jambo gani la hatari?

3. Wawili wawili, mmoja awe majeruhi wa mguu. Mfunge kwa khanga na ubao. Mwulize anajisikiaje, halafu badilishaneni.

4. Jadilini: Msichana na mvulana wamekwama usiku mahali pamoja. Je, hatari zao ni sawa? Kila mmoja aweke nini mfukoni kabla ya kuondoka?

5. Bila kutazama simu, andika namba mbili za nyumbani kwenu. Umeshindwa? Basi kazi yako ya jioni umeipata.

Safari njema, na mkanda wa helmeti uwe umefungwa.